Skafoldi ya matairi ya kukodi na mkanda wa Kariakoo: mwezi wa nane natumia, maoni ya fundi umeme niliyewahi kudondoka

Wakuu habari za saizi. Nimekuwa nikiulizwa na washkaji kama watatu hivi kuhusu hizi skafoldi za kukodi, yaani majukwaa ya kupandia, zile za chuma za kuunga fremu kwa fremu zenye matairi chini, nikaona bora niandike mara moja kuliko kurudia rudia kwenye simu. Natumia mwezi wa nane sasa, saiti nyingi hapa hapa Dar, na mara mbili nimeenda nazo Kibaha. Humu ndani nitaweka na habari ya mkanda wa usalama maana nilivinunua na kuvikodi kwa pamoja nikiamini vitafanya kazi pamoja, kumbe havifanyi, na hapo ndipo nataka mnisome taratibu.

Kabla sijaenda mbali, yadi zote mbili nilizokodi nimelipa kwa hela yangu, hakuna aliyenituma, na majina sitaji kwa hiyo msiniulize. Halafu nawasemea mafundi umeme hapa. Ukimuuliza mwashi atakwambia skafoldi nzuri ni ile inayobeba tofali na mota bila kuyumba, fundi rangi atakwambia ni ile nyepesi kuhamisha, wote wako sawa kwa kazi zao. Sisi kazi yetu ni ya kutazama juu. Mwashi anaangalia mbele, fundi rangi anaangalia ukuta, fundi umeme ana shingo imepinda nyuma, mikono miwili iko juu ya kichwa, na miguu haioni inakanyaga wapi kwa saa nzima. Ukingo wa jukwaa unausikia ukishaukosa.

Mimi niliukosa mwaka juzi, Goba, nyumba ya ghorofa moja ya mtu binafsi. Pale ngazi zinapopandia kuna uwazi mpaka dari ya juu na mama mwenye nyumba alitaka taa kubwa ya kuning'inia katikati. Mafundi plasta walikuwa wameacha jukwaa lao la mirunda na mbao za zege, sisi tukafanya kama tunavyofanyaga siku zote, tukapanda la wenzetu bila kuuliza. Na hii ndio tabia yetu mbaya namba moja, fundi umeme hajengi jukwaa, anarithi. Unakuta mbao mbili wameshazichukua kupeleka chumba kingine, misumari wameshang'oa, wewe unaona jukwaa limesimama unasema freshi.

Nilikuwa navuta waya wa 2.5 kwenye konduti, umekwama kwenye kona, dogo, msaidizi wangu, yuko upande wa DB, lile boksi la breka, anasukuma, mimi navuta kwa nguvu zote nimeegemea nyuma, tunahesabu moja mbili tatu. Mnajua wenyewe waya uliokwama ukiachia. Uliachia wote kwa mpigo, nikarudi nyuma hatua moja tu, moja, kisigino kikatua kwenye kipande cha mbao kilichopitiliza mrunda kama nusu mita. Ile mbao haikuwa imefungwa. Ikanyanyuka upande wa pili kama pembea ya watoto na mimi nikashuka nayo. Mita tatu, sio ghorofa ya kumi, mita tatu tu. Nikatua na miguu kwenye kibaraza cha ngazi, zege tupu. Helmeti ilishaniacha juu juu huko maana haikuwa na mkanda wa kidevuni, nasikia ilibingirika mpaka chini sebuleni.

Kisigino cha kulia kilipasuka. Pale Muhimbili, MOI, taasisi ya mifupa, walinipiga picha ya mguu halafu wakanigeuza wakanipiga na ya mgongo, nikashangaa nikasema mgongo hauniumi sana, daktari akasema mtu anayetua na miguu kisigino kikivunjika lazima waangalie na pingili za kiuno kwa sababu kishindo kinapanda juu. Na kweli pingili moja ilikuwa imebonyea kidogo. Nikafungwa hogo, miezi minne nyumbani, mama watoto anauza vitumbua ndio tunakula. Fidia? Mkandarasi akaniambia wewe ni deiwaka, hauko kwenye makaratasi yangu. Mimi nilikuwa sijui kitu wakati ule. Kumbe Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, upo tangu 2015 na mchango anatoa mwajiri mwenyewe, haukatwi hata senti kwenye mshahara wako, na kwa Tanzania Bara kila mwajiri anatakiwa ajisajili. Hilo ni la siku nyingine nisiharibu mada, ila ukienda saiti uliza mapema kabla hujapanda popote.

Basi nilivyorudi kazini nikaapa mirunda ya watu sipandi tena. Nikaanza kutafuta ya kukodi.

Yadi ya kwanza nilikuta iko jirani na saiti nikafurahi. Furaha iliisha mzigo uliposhuka kwenye kirikuu. Matairi manne, yenye breki inayoshika ni mawili, moja breki yake unakanyaga inarudi yenyewe kama swichi mbovu. Zile krosi, vyuma vya X vya kushikilia fremu, mbili hazina pini, wamefunga na bainding waya. Cha kukanyagia ni mbao mbili nyembamba za kutupia tu juu ya fremu, yaani pembea yangu ya Goba imenifuata mpaka nyumbani. Nikamuuliza jamaa, reli za kuzuia mtu asidondoke ziko wapi? Akanijibu kwa kujiamini kabisa, "Hizo zipo stoo kaka ila watu hawaziulizagi, na zinaongeza kazi ya kufunga." Nikalipa usafiri wa kwenda na kurudi bila kupanda hata mara moja. Elfu themanini imeenda hivyo, wife mpaka leo ananikumbusha.

Yadi ya pili ndio naipa tathmini hii. Nayo sio malaika, nitafika huko.

Seti yao ni fremu za kawaida mlizoziona kila mahali, upana kama mita 1.2, urefu wa kwenda juu mita 1.7, ukiunga na krosi unapata nafasi ya mita 1.8 kati ya fremu na fremu. Za kwao zimepakwa zinki, kutu ipo kwenye maungio ila mabomba hayajapinda, na mimi huwa nazilaza chini naziangalia kwa jicho moja kama unavyoangalia mbao kama imenyooka. Fremu iliyogongwa na gari haikai wima hata ufanyeje, ukiipandisha ya pili juu yake pini haziingii, watu wanapiga nyundo. Ukiona umeanza kupiga nyundo ujue umepewa mkweche, rudisha.

Kilichonivutia ni vya kukanyagia. Wanatoa plati za chuma zenye ndoano nne, ndoano zinakaa kwenye bomba la fremu, na kuna kilimi kidogo kinaanguka chini kuzuia isiinuliwe na upepo au na mguu. Mbili zinajaza karibu upana wote. Huwezi kukanyaga ncha ikanyanyuka kwa sababu hakuna ncha. Wale mnaotumia mbao bado, angalau mjue hili, mbao ikipitiliza mhimili iwe kama sentimita 15 mpaka 30 basi, ikizidi hapo ni mtego, ikipungua inaweza kuchomoka ikipinda. Na ifungwe. Yangu ilipitiliza nusu mita na ilikuwa imekaa tu.

Reli wanazo na wanazileta bila kubembelezwa, japo ukinyamaza hawakufungii, wanakurundikia chini unahangaika mwenyewe. Kuna vipande vinachomekwa kwenye vichwa vya fremu ya juu, unapitisha bomba moja usawa wa kiuno kama mita moja hivi na lingine katikati, usawa wa goti. Mara ya kwanza ilinichukua nusu saa na matusi, sasa hivi na dogo wangu dakika kumi. Na jamani, hii ndio sehemu nawaambia ukweli wangu wote, kwa fundi umeme reli ndio macho ya kisogoni. Wiki ya pili tu, godauni moja Mbagala, tunafunga taa, navuta waya tena ule ule wa 2.5, ukaachia tena vile vile. Nikarudi nyuma hatua moja vile vile. Mgongo ukagonga bomba. Nikasimama pale nimelishikilia lile bomba kwa mikono miwili, dogo kule chini anapiga kelele "vuta bosi, vuta," hajui kilichotokea, na mimi sikumwambia mpaka jioni tukiwa kwa mama ntilie.

Bado chini ya reli kuna kaubao ka pembeni, kimo cha kiganja, kanazuia plaizi na bisibisi zisibingirike zikamkuta saidia fundi kichwani. Yadi hawana. Natengeneza mwenyewe na mabaki ya mbao za dari.

Sasa kimo. Hapa ndipo wengi wanadanganywa kwenye yadi. Jamaa atakwambia unataka ngazi ngapi, yaani fremu ngapi kwenda juu, tatu, nne, anakupa, kwake ni hela. Viwango vya Marekani vya skafoldi ya matairi isiyofungwa popote vinasema kimo kisizidi mara nne ya upande mwembamba wa chini. Upande mwembamba ni mita 1.2, zidisha mara nne unapata 4.8. Ngazi mbili ni mita 3.4, uko ndani. Ngazi tatu ni 5.1 bado hujaweka matairi, umeshatoka nje, unahitaji ile miguu ya kuegemeza inayotanuka pembeni, au uufunge mnara kwenye ukuta. Yadi yangu wanayo hiyo miguu, seti mbili tu kwa yadi nzima, kwa hiyo uwahi kuoda. Kwa ngazi mbili ukisimama juu unafikia dari ya mita tano na kidogo, nyumba nyingi za mtaani inatosha kabisa na inabaki.

Shida ni pale inapokosekana sentimita ishirini. Hapo fundi anageuza ndoo ya rangi anapanda juu yake. Nakiri, nimefanya, mara mbili. Ukishapanda kwenye ndoo, reli iliyokuwa kiunoni inakuwa kwenye magoti, haikuzuii tena, inakupiga ngwara. Siku hizi nikiona haifiki nashusha matairi naweka jeki za kuzungusha, zinaongeza kimo kidogo kidogo na mnara unakaa imara zaidi. Shida yake ndio hivyo, hausogei tena.

Na kusogea ndio penyewe. Utamu wa matairi ndio sumu yake. Mnafunga taa kila baada ya mita mbili, taa kumi na mbili kwenye mstari, nani atashuka na kupanda mara kumi na mbili na jua hili? Kwa hiyo fundi anabaki juu, dogo anasukuma, au fundi mwenyewe anashika kenchi za paa anajivuta kama anapiga kasia. Nilikuwa bingwa wa hiyo. Mpaka siku tairi la mbele likakutana na kokoto, kokoto moja ya ukubwa wa embe dodo changa, kwenye jamvi ambalo bado halijapigwa sakafu. Chini kulisimama, juu nikaendelea. Mnara ukanyanyua matairi mawili ya nyuma, nikayasikia yakirudi chini kwa kishindo. Ningekuwa nimebeba boksi la taa mkononi leo mngekuwa mnasoma tanzia. Tangu hapo nashuka. Tunapoteza muda kweli, taa kumi na mbili zimekuwa kazi ya mchana mzima badala ya asubuhi, na mteja mmoja alinilalamikia, nikamwambia bosi wangu tafuta mwingine mwenye visigino viwili vizima vya kuchezea.

Na kabla ya kusukuma dogo anafagia. Kuna fagio linaning'inia kwenye mnara wangu muda wote, watu wananicheka.

Kupanda pia kunahitaji akili. Fremu zao zina ngazi upande mmoja tu, vyuma vya kukanyaga viko kwa ndani. Msipande kwenye zile krosi za X, najua mnapanda, krosi ni nyembamba, ni za kushikilia mnara usilale pembeni, ukizining'inia zinapinda katikati na pini zinaanza kuchomoka.

Twende kwenye mkanda sasa. Nilinunua Kariakoo, mtaa wa Gerezani kule kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Kuna mikanda ya elfu thelathini na kitu ambayo ni ya kiunoni tu, muuzaji anakwambia huu original wa Ulaya. Geuza lebo usome namba ya kiwango. Ukikuta EN 358 huo ni mkanda wa kukuweka sehemu, kama wale jamaa wa nguzo wanavyojiegemeza, sio wa kukudaka ukidondoka. Ukidondoka nao unakukata katikati kama fundo. Wa kudaka ni wa mwili mzima, wenye mikanda ya mapajani na mabegani na pete mgongoni, lebo imeandikwa EN 361. Kamba yake iwe na kile kifurushi kilichoshonwa, EN 355, kinachofumuka taratibu kukupunguzia mshtuko. Wangu niliupata kwa laki moja na ishirini, kamba mbili zenye ndoano kubwa. Ubora wake sina neno, mishono iko vizuri, vifungo havitelezi, unaumiza mapaja kidogo ukichuchumaa.

Ila sikilizeni. Nilivyopata mkanda nikawa najifunga kwenye bomba la mnara wangu wa ngazi mbili, najiona mwanaume kamili wa saiti kubwa. Jumapili moja nimekaa nyumbani nikasoma kile kikaratasi cha ndani ambacho sote tunatupa. Kamba ni mita 2. Kile kifurushi kikifumuka kinaweza kurefuka mpaka mita 1.75. Kutoka pete ya mgongoni mpaka nyayo weka mita 1.5. Acha na mita 1 ya akiba. Jumlisha, ni mita 6.25 kutoka pale uliponasa ndoano mpaka chini. Mimi nimenasa kwenye bomba la mita nne na ushee. Yaani ningefika chini kwanza, halafu mkanda ndio ungeanza kufikiria. Pia ukijifunga kwenye mnara mwepesi wa matairi ukadondoka kwa nje, unauvuta mnara wenyewe unakuja juu yako, isipokuwa aliyeutengeneza awe amesema unafungika. Kwa hiyo kwenye mnara mfupi kazi ni ya reli. Mkanda niliuvua.

Unakofaa ni juu. Mwezi wa tatu tulikuwa kwenye jengo refu, nafanya kazi pembeni ya lile shimo nyaya zinapopandia ghorofa zote, mimi niko ya nne, chini kuna ghorofa tatu za hewa. Hapo mkanda ndio kila kitu. Lakini unanasa wapi? Nimeona kwa macho yangu fundi kanasa ndoano kwenye trei ya nyaya. Trei! Iliyoshikwa na boliti za milimita nane na yeye ndiye aliyezifunga jana jioni akiwa na haraka. Viwango vya Marekani vinataka sehemu ya kunasa ihimili pauni 5,000 kwa mtu mmoja, ni zaidi ya tani mbili. Sisi tulizungushia waya wa chuma kwenye nguzo ya zege tukanasa hapo. Na muwe na mpango wa kumshusha mtu kabla hajadondoka, maana aliyening'inia na mikanda ya mapajani imembana damu inagoma kurudi juu, hazipiti dakika nyingi anazimia, kwa hiyo mambo ya kusubiri mpaka injinia apigiwe simu hayapo.

Kuna kitu kingine ambacho watu wa skafoldi hawatakwambia kwa sababu hawakijui, ni chetu. Shoti. Umeme wa 230 unaweza kukugusa kidogo tu, sekunde haijafika, chini ungesema "ah!" ukapunga mkono ukaendelea. Juu ya jukwaa misuli yako yenyewe inakutupa. Hakuna aliyekusukuma, umejisukuma. Fundi mmoja ninayemfahamu waya ulikuwa hauna moto, alihakikisha kwa tesa, mwenye nyumba akaja akawasha breka aone kama taa ya jikoni inawaka. Sasa hivi kwenye DB naweka kufuli na karatasi, na kama hakuna pa kufuli nang'oa breka naweka mfukoni. Drili ya waya nikiwa kwenye mnara wa chuma sipendi kabisa, ekstensheni ikichubuka kwenye kona ya fremu mnara mzima unakuwa na moto na dogo kaushika. Kama lazima, ipitie RCD ya miliampea 30, kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, na iwe inafanya kazi, bonyeza kitufe cha testi uone inaruka. Nimehamia drili ya betri kwa kazi nyingi za juu, toboa dari ya zege kidogo inachosha ila hakuna waya wa kunasa mguuni.

Nje ya jengo angalieni juu kabla ya kusukuma. Mnara wa chuma na laini ya TANESCO sio marafiki, kaeni mbali angalau mita 3 na kama ni ile ya msongo mkubwa pigeni simu wenyewe waje wazime. Mnara ukiwa na reli juu ni mrefu kuliko macho yako yanavyodhani.

Malalamiko kwa yadi yangu sasa, nisije nikaonekana nimelipwa. Kwanza muda. Wakisema saa mbili asubuhi, jua ni saa sita. Mafundi wanne wamekaa wanacheza drafti na posho inahesabika. Pili hawatumi mtu wa kufunga wala hakuna anayekagua, wanashusha wanaondoka. Kwenye saiti kubwa nilizofanya, skafoldi ikishafungwa anakuja mtu aliyesomea anaikagua anaweka kadi ya kijani, ikiwa na hitilafu ina kadi nyekundu na hakuna kupanda hata awe bosi. Mtaani kadi ni macho yako. Tatu uzito, kila fremu ni kilo kumi na kitu, ukiwa unapandisha ghorofani bila winchi unahitaji vijana. Nne, tairi moja kati ya manne huwa lina breki legelege, sijui ni lile lile linanifuata, nimeshaliwekea alama ya rangi nyekundu ili nikilipata tena nilikatae, na wiki iliyopita nimelipata tena.

Bei, mnara wa ngazi mbili na plati na reli wananitoza elfu kumi kwa siku, nikichukua wiki wanapunguza, usafiri juu yangu elfu arobaini kwa kirikuu kutegemea na umbali. Mteja akilalamika namwonyesha kwenye koti ya kazi, yale makadirio ya bei, nimeiandika kwa mstari wake, "jukwaa," kama nilivyoandika waya na swichi. Wengine wanasema fundi fulani anafanya bila hiyo. Sawa, amwite. Wengi hurudi, sio wote.

Ukinibana nitoe alama, yadi 3 na nusu kati ya 5, plati na reli zimewabeba, muda umewaangusha. Fremu zenyewe 4. Mkanda 4 ukiwa ghorofani, na sifuri kwenye mnara wa mita tatu, na hiyo sifuri sio kosa la mkanda.

Kitu cha mwisho, ukirudisha mzigo hesabu pini. Jamaa wa yadi ana kopo la Blue Band, anazimimina mezani moja moja anahesabu mbele yako kama mhasibu wa benki, haruki hata moja, na mimi hiyo tabia yake naipenda kuliko kitu chochote pale yadini. Mara ya mwisho zilipungua mbili nikalipa elfu moja moja. Moja mama watoto kaikuta mfukoni kwa ovaroli akifua, ya pili sijaiona mpaka leo, kwa hiyo wale wa saiti ya Mbagala mkipita pale mlango wa nyuma angalieni chini.